Kitabu cha Matundu Manne

Pale kiwandani walimwita baba yangu Milimita, na wapo waliofanya naye kazi mpaka wakastaafu bila kumjua kwa jina jingine. Kazi yake ilikuwa kukata karatasi. Si kwa mkasi, kwa ile mashine kubwa yenye kisu kirefu kama mkono wa mtu mzima, inayokaa kona ya nyuma ya kiwanda cha uchapaji, karibu na mlango wa kupakilia mizigo. Kitabu chochote kilichochapwa pale, kiwe cha risiti au cha shule, kabla ya kutoka lazima kipite kwake kinyolewe: juu, chini, na mbele, kule anakofungulia msomaji. Nyuma hakuguswi kwa sababu ndiko kwenye mgongo. Juu, chini, mbele. Nadhani hata akiwa usingizini mikono yake ilijua hivyo.

Na alikuwa na maudhi yake, tusidanganyane. Ukimwekea sahani mezani ataisogeza mpaka ilingane na ukingo wa meza ndipo ale. Taulo likining'inia upande bafuni, utaitwa kutoka huko uliko uje ulinyooshe. Ukimwambia, "Baba, ni karibu hapo tu," anakuuliza, "Karibu ndiyo ngapi?" Mimi ni kitindamimba wake na mdomo ninao, kwa hiyo tumegombana sana juu ya taulo.

Aliyemweza alikuwa mama peke yake. Mama alikuwa dobi wa hospitali. Alifua na kukunja mashuka mpaka akastaafu, na baba akamwita Dobi tangu siku za uchumba wao. Hawakuwa watu wa kuambiana maneno matamu. Utani ndio ulikuwa mazungumzo yao. Baba atanyanyua shuka kitandani na kuuliza, "Dobi, hili limekunjwa na mtu au na mbuzi?" Na mama, bila kugeuka, "Limekunjwa na mtu aliyechoka kuolewa na rula." Basi hapo wameshasalimiana, siku inaendelea.

Alipostaafu, mama alikaa nyumbani wiki chache akaanza kutuchungulia kwenye masufuria. Tukajua huyu asipopata shughuli atatumaliza. Bahati nzuri akaona tangazo kwenye ubao wa maktaba: kila Jumamosi asubuhi, mafunzo ya kufunga vitabu kwa mkono, mtindo rahisi wa Kijapani, kwa wasiojua kitu kabisa. Akaenda. Akarudi na msharasi, ule wa kutobolea wa fundi viatu, na uzi uliopakwa nta, na sindano butu, na bunda la karatasi nyembamba, na maringo.

"Leo nimejifunza kazi yako," akamwambia baba.

"Kazi yangu haifundishwi Jumamosi moja."

"Ya kwako haifundishwi kwa sababu una mashine. Sisi tunatumia mikono."

Akamwonyesha pale pale mezani. Unachukua karatasi, unaikunja katikati, unapitisha mpini wa kijiko juu ya mkunjo mpaka ulale kabisa. Unakunja nyingine, na nyingine. Halafu unazipanga, na hapa ndipo baba alipoinamia meza, maana mikunjo yote inatazama mbele, kule ambako msomaji anafungulia. Zile ncha zilizo wazi ndizo zinakaa mgongoni. Unazibana, unatoboa matundu manne karibu na mgongo, unapitisha uzi tundu kwa tundu, kila tundu unauzungusha mgongoni kabla ya kwenda la pili, mwisho fundo unalificha ndani. Hakuna gundi wala mashine.

Baba akakinyanyua, akakigeuza. "Umekifunga kinyumenyume," akasema.

"Ndivyo kinavyofungwa."

"Mkunjo unakaa mgongoni, Dobi. Hivi kila ukurasa umekuwa mfuko."

"Ndiyo, mfuko. Karatasi ni nyembamba, ikiwa mbilimbili ndiyo inabeba wino. Kukunja nimekunja maisha yangu yote, hunifundishi." Akakusanya vitu vyake. "Na nakuonya mapema, kitabu changu kisije kikafika kwenye lile panga lako. Ukikata mbele umekata mikunjo yote, na kitabu hakuna tena."

"Kitabu kisichokatwa mbele ni mtu ambaye hajanyoa."

"Basi acha kiwe na ndevu."

Tulicheka siku ile. Nayakumbuka maneno yale kwa sababu ya yaliyokuja baadaye, lakini siku ile yalikuwa utani kama utani wao mwingine.

Kitabu cha kwanza akampa jirani. Cha pili kilikwenda upande, akasingizia meza. Cha tatu alikianza mimi nikiwa na mimba iliyokwisha kuonekana, na akatangaza kuwa hicho ni cha mjukuu, kurasa tupu, atachora atakavyo. Akakunja karatasi zote, akakata majalada mawili ya rangi ya kahawia, akatoboa matundu, akalibana bunda zima kwa vibanio vya nguo upande wa mgongo. Ikabaki kupitisha uzi tu. Akasema atashona Jumamosi mbele ya mwalimu wake, maana safari hii hataki kiende upande.

Jumamosi hiyo hakuifikia. Aliamka na maumivu ya kichwa, mchana tukampeleka hospitali, ile ile aliyokunja mashuka yake, na jioni hatukuwa naye tena.

Baba hakulia. Hospitali hakulia, mazishini hakulia, na watu walipokwisha kuondoka wakatuachia viti vya kukodi uani, alichofanya ni kuvipanga mistari iliyonyooka. Shangazi, dada yake mkubwa, alikuja amejiandaa kumwambia jikaze kisabuni, kumbe baba mwenyewe alikuwa sabuni tupu.  Shangazi akaniita jikoni. "Mwanangu, huyu mdogo wangu ana nini? Nimemlilia mke wake kuliko yeye."

 Na niseme wazi, nilikuwa na hasira naye. Mimi nilikuwa nalia mpaka kwenye ndoo ya kufulia, na yeye yuko kama mtu aliyetoka kwa daktari wa meno kabla ganzi haijaisha. Ukimpa chakula anakula. Ukisahau kumpa, hasemi. Aliingia bafuni na ndala za mama, ndogo, kisigino chake kinakanyaga sakafu, na hakuziona. Simu ya mama ikalia siku moja, watu wa maktaba walikuwa wanamtafuta, hawajui habari ya msiba. Baba akaipokea akasema, "Hayupo kwa sasa," akaiweka chini sambamba na ukingo wa meza. Kila utakalomwambia, jibu lake lilikuwa moja. Baba, kuoga. Sawa. Baba, mgeni. Sawa. Akarudi kazini, na huko nasikia alikata kama kawaida, hakukosea hata kadi moja. Nikazidi kukasirika.

Mimi nilibaki pale nyumbani, mume wangu akija na kurudi kazini kwake. Bunda la mama lilikuwa bado mezani, na vibanio vyake. Hatukula tena pale. Tulikula kwenye kochi, sahani magotini, kama watu waliohamia jana. Mwishoni nikaona haya hayana maana. Tumbo lilikuwa limefika mahali ambapo hata kuinama ni jambo la kuitisha mkutano, na mtoto angekuja akute kitabu chake bado kimebanwa kama nguo kwenye kamba.

"Baba," nikamwambia, "kile kitabu cha mama kimalizie. Wewe ndiye fundi wa vitabu humu ndani. Ni kazi yake ya mwisho, na mimi sijui hata kushika hiyo sindano."

"Sawa," akasema.

Kesho yake sikukiona mezani. Jioni akarudi nacho ndani ya mfuko wake wa kazini, akakiweka mahali pake. Kilikuwa kimenyooka, kingo zote zinang'aa. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nikamsifu. "Kimependeza, baba." Akaitikia kwa kichwa. Nikamwambia Jumamosi tutakwenda wote maktaba, mwalimu wa mama atuonyeshe kushona, maana ndivyo mama alivyotaka. Akasema sawa.

Mwalimu alikuwa binti mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alitupokea kwa upole, akamshika baba mkono kwa mikono yake miwili, akasema mama ndiye aliyekuwa akiwachekesha wote darasani. Baba akasema sawa. Tukakaa. Akalichukua bunda, akapitisha kidole gumba upande wa mbele, kama mtu anayehesabu noti. Akarudia tena. 

"Hiki," akasema taratibu, "kuna mtu amekikata?"

Nikamtazama baba. Baba alikuwa anatazama kidole cha yule binti. Karatasi zilikuwa zinaachana moja moja, na zilitakiwa kwenda mbilimbili. Hakukuwa na mkunjo hata mmoja. Juu, chini, mbele.

"Nimekata mimi," akasema.

"Haiharibu sana," mwalimu akaharakisha. "Kwa kuandika bado kinafaa, matundu yako palepale, ila kitakuwa cha kurasa nyepesi, na..."

Sikumwacha amalize. "Baba, alikukataza. Mezani, mbele yangu. Alikwambia usikate mbele."

"Alinikataza," baba akasema. "Nilijua. Sikuwepo, mikono ilikata."

"Mikono ya nani?"

Akaitazama mikono yake, akaiweka magotini. "Sawa," akasema.

Ile sawa ilinitoa roho. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Kwamba yeye ana moyo wa mashine, kwamba mama kaacha kitu kimoja tu cha mikono yake na yeye kakinyoa kama kitabu cha risiti. Watu wa meza nyingine wakageuza shingo. Mwalimu akavua miwani akaanza kuifuta, haikuwa na uchafu. Baba alisikiliza yote. Nilipoishiwa pumzi, akachukua bunda lake, akasimama, akatoka. Nikamfuata, nusu kwa hasira na nusu kwa kuogopa anakwenda wapi.

Alikwenda kiwandani. Jumamosi wanafunga mapema, tulimkuta msimamizi peke yake anazima taa. Baba akampita mpaka kona ya mashine yake. Kando yake kuna magunia ya mabaki, vile vipande vyembamba vinavyodondoka kisu kikishuka. Wanakuja kuvichukua watu wa kutengeneza trei za mayai. Baba akavuta gunia la kwanza, akalimwaga sakafuni, akapiga magoti.

"Milimita," msimamizi akamwita. "Unatafuta nini?"

"Mikunjo ya mke wangu."

Alisema hivyo kwa sauti ile ile ya kusema sawa. Msimamizi akanitazama, mimi nikatazama chini. Mtu huyo alirudi kwenye swichi. Aliwasha taa tena, akavuta gunia la pili, akakaa sakafuni na suruali yake safi.

Sijui kama umewahi kuona mabaki ya kiwanda cha uchapaji. Ni rundo la nyuzi za karatasi, nyeupe, za rangi, zenye nusu ya herufi, ukingo wa kalenda, ukingo wa kadi ya harusi ya mtu. Walikuwa wanatafuta kitu chenye upana wa njiti ya kiberiti, cheupe, chenye mkunjo. Unakishika, ukikibonyeza kinafunguka kidogo kama mdomo wa kifaranga, basi ni chenyewe. Mimi tumbo halikuniruhusu kuinama, nikakaa kwenye kiti cha baba nikawatazama wanaume wawili wazima wanabonyeza takataka. Hasira yangu ilikuwa bado ipo, lakini haikuwa na mahali pa kukaa.

Walipata vichache. Vingine vilikuwa vimekatika, vingine vimekanyagwa. Baba akavikusanya kiganjani, akajaribu kukilinganisha kimoja na ukingo wa karatasi ya bunda, kwa jicho lake lile la milimita. Kililingana. Akakishikilia hapo kidogo.

"Haviungiki," akasema, akavitia mfuko wa shati.

Msimamizi akatupeleka mpaka mlangoni. "Pole, mzee wangu," akamwambia. Baba akasema sawa, tukarudi nyumbani.

Kesho yake asubuhi nilimkuta mezani. Ameketi mahali pa mama. Zile njiti za mikunjo amezipanga mstari mmoja, sambamba na ukingo wa meza, na mbele yake ile karatasi ya maelekezo ya mwalimu yenye michoro ya uzi unavyopita. Amekwisha kuvaa miwani. Nikamwekea chai, nikakaa upande wa pili, maana siwezi kununa siku mbili mfululizo, nachoka. Nikaanza kumenya viazi ili mikono yangu nayo iwe na kazi.

Akatoa vibanio. Akafanya alivyofanya maisha yake yote na bunda lolote la karatasi: akalisimamisha, akaligonga mezani upande mmoja, akaligeuza, akaligonga upande wa pili, mpaka likanyooka. Halafu akapitisha kidole gumba upande wa mgongo, kule penye matundu, karatasi zikidondoka moja moja. Zikaenda, zikaenda, zikakwama.

Akarudia. Zikakwama palepale.

Akasogeza miwani, akafungua. Katikati ya bunda kulikuwa na karatasi moja ambayo haikuachana na mwenzake. Mkunjo wake ulikuwa mgongoni. Mkali, umelala kabisa, umepitishwa mpini wa kijiko. Mama aliipanga hiyo moja kinyumenyume, mkunjo nyuma, kama kitabu cha kiwandani, akatoboa matundu juu yake bila kuona, na kisu cha baba kilipopita mbele hakikuukuta.

"Huyu kakosea," baba akasema.

Nikaacha kiazi. Ilikuwa sauti nyingine.

"Kakosea," akasema tena. Mabega yakaanza kumtikisika, na nikachelewa kuelewa kuwa anacheka. "Kukunja kakunja maisha yake yote, hafundishwi, na ona. Ona alivyoiweka. Kwangu hata kibarua wa siku ya kwanza haweki hivi." Alikuwa anacheka hasa, kile kicheko chake cha zamani cha puani, uso wote umefunguka. Huyu ni mtu ambaye angemtania mama kwa ukurasa huo mwaka mzima, mbele ya wageni, mbele ya shangazi, kila shuka likitandikwa. Akaunyanyua ukurasa juu, akageuza kichwa kuelekea chumbani, akaita kwa nguvu kama alivyokuwa akiita kila siku:

"Dobi. Hebu njoo uone ulichofanya."

Akabaki amegeuka vile, ukurasa uko juu, anasubiri ajibiwe.

 Pazia la chumba cha kulala halikusogea. Niliona uso wake unasubiri, halafu niliona uso wake unajua. Mkono ukashuka taratibu mpaka mezani. Akafungua mdomo kusema kitu, nadhani alitaka kusema sawa, haikutoka. Kilichotoka sijawahi kukisikia kwa baba yangu, na majirani walikuja mlangoni wakidhani uchungu wa kuzaa umenianza.

Nikawarudisha. Nikamzungukia, nikamshika mabega kutoka nyuma, tumbo langu mgongoni kwake, mtoto anapiga mateke, naye akalia vile vile ameshikilia ule ukurasa. Alilia mpaka chai ikaota utando. Alisema anamtaka. Alisema hivyo tu, namtaka mke wangu, kama mtu anayeomba maji, na mimi sikuwa na la kumpa.

Baadaye alipotulia, akaulaza ukurasa mezani, akaunyoosha kwa kiganja. Nikamuuliza kama tuugeuze ukae sawa na wenzake kabla hajashona.

Akafuta uso kwa mkono wa shati.

"Usiuguse," akasema. "Niletee uzi."